Mnara Usemao na Rubani Aitikaye

Kilembwe, makao ya sekta ya Lulenge katika wilaya ya Fizi, hapana mnara wa kuongozea ndege, wala sijapata kumsikia mtu aliyedai kwamba upo. Na hata hivyo hakuna mtoto wa huku asiyeijua sauti ya ndege, kwa sababu ndege hupita, moja ikienda kaskazini na nyingine kusini, na wakati wa mvua, mawingu yanapoilalia Milima ya Mitumba tangu adhuhuri hata jioni, watu huisikia tu bila ya kuiona, wakanyamaza kidogo, kisha wakarejea katika maneno yao. Ni wachache wanaofikiri kwamba huko juu nako kuna maneno: kwamba yule aliyemo ndani ya wingu, asiyeona mbele yake ila weupe mtupu, anasikia sauti ya mtu mwingine aliyeketi mbali sana, na kwamba uhai wa waliomo humo umetegemea jinsi watu hawa wawili, ambao pengine hawajapata kuonana maisha yao yote, watakavyosikilizana katika dakika chache za kushuka.

Neno lenyewe rubani lina historia ya kuchekesha. Watu wa mwambao walilipokea kwa Waarabu, na maana yake ilikuwa yule mjuzi wa miamba na mikondo ambaye nahodha humpandisha chomboni ili amwelekeze mpaka ndani ya bandari. Rubani, basi, ndiye aliyekuwa msemaji, na nahodha ndiye aliyekuwa msikilizaji. Leo jina hilo la heshima amepewa yule aelekezwaye, ilhali yule aelekezaye, aliyekaa katika chumba cha vioo juu ya mnara, imebidi atungiwe jina jipya, akaitwa mwongoza ndege. Sijui kama ni haki. Ila nadhani kudura ya lugha imetuachia hapo fundisho, maana katika kazi hii ya kutua hakuna aliye msemaji daima wala aliye msikilizaji daima, na maafa mengi yaliyoandikwa katika vitabu vya kazi hiyo yalitokea pale mmoja wao aliposahau kwamba zamu yake ya kusikiliza imefika.

Mtu wa Kongo akitaka kuzungumza habari hii hana budi kuanza na usiku wa tarehe 17 Septemba 1961. Alasiri ya siku ile Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipanda ndege ya DC-6 huko Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, aende Ndola katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya sasa, akakutane na Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga lililokuwa limejitenga na Kongo, ili vita vya Katanga visimamishwe. Njia fupi ilikuwa ni kukata juu ya Katanga yenyewe. Lakini Katanga ilikuwa na ndege ya kivita ambayo ilikwisha watia hofu marubani wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo ndege ya Katibu Mkuu ilielekea mashariki mpaka Ziwa Tanganyika, ndipo ikageuka kusini kulifuata ziwa, na kwa muda wa saa nne na ushei haikutoa neno lolote katika redio, isije ikajulikana ilipo. Atakayeitazama ramani ataona kwamba Kinshasa na Fizi zinakaribia kuwa katika mstari mmoja, nyuzi nne na kitu kusini ya ikweta, na kwamba mwenye kuelekea mashariki sawasawa kutoka kule hulifikia ziwa katika pande hizi zetu. Ndege iliyonyamaza haiachi alama, na hakuna awezaye kukitaja kijiji ilichokipita. Lakini mimi kila nikaapo ufukweni Baraka usiku, taa za wavuvi zikiwaka majini, huwa siachi kuifikiria, ikipita juu kimya na watu kumi na sita ndani yake.

Baadaye ilivunja kimya chake, ikaita kituo cha Salisbury, kisha ikakabidhiwa kwa mnara wa Ndola. Saa sita na dakika kumi za usiku, kwa saa za huko, rubani alieleza kwamba anaziona taa, kwamba yuko juu ya Ndola, kwamba anashuka, na akaomba ahakikishiwe hesabu ya mgandamizo wa hewa. Mwongozaji akamjibu kuwa ni 1021, akamwamuru atoe habari atakapofika kimo cha futi 6,000. Rubani akairudia ile hesabu. Habari ya futi 6,000 haikuja kamwe. Ndege ilianguka msituni, maili tisa hivi kutoka uwanjani, na mabaki yake hayakufikiwa ila alasiri ya siku ya pili. Mtu mmoja tu alikutwa hai, naye akafariki baada ya siku chache.

Jambo linalonishughulisha katika kisa hiki ni kimya kile cha pili. Waliokuwa uwanjani Ndola waliposubiri wasisikie kitu, walidhani kwamba mgeni wao amebadili nia akaenda kwingine, na usiku ukapita bila ya wao kutoka kumtafuta. Kwa maoni yangu, kimya cha kwanza, kile cha makusudi cha juu ya Tanganyika, ndicho kilichokifanya kimya cha pili kionekane kuwa cha kawaida: ndege iliyokwisha wazoesha watu kunyamaza ilikuwa imejinyima ile hadhari ambayo kunyamaza kwake kungeiamsha. Zaidi ya hayo, mazungumzo ya mnarani usiku ule hayakunaswa katika utepe wa sauti, na yote tunayoyajua ni yale yaliyoandikwa kwa mkono wa mwongozaji. Tume ya Rhodesia ilimlaumu rubani; ile ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1962 haikuthubutu kukata shauri. Mwaka 2015 shauri hili lilifunguliwa upya, likakabidhiwa mtu wa Afrika Mashariki, Jaji Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Mohamed Chande Othman, ambaye katika taarifa yake ya mwaka 2017 alisema kwamba yamkini shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa sababu mojawapo ya ajali ile. Na sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa ni kuzibishia hodi serikali zenye mitambo ya kunasa mawasiliano, akiziuliza kama hakuna hata moja miongoni mwao iliyosikia na kuandika yaliyosemwa hewani usiku ule. Ni hali ya ajabu: miaka zaidi ya hamsini imepita, na wanaotafuta sababu ya kifo cha mtu mashuhuri kiasi kile bado wanatafuta sauti.

Hiyo hesabu ya mgandamizo, ambayo ndiyo neno la mwisho lililopita kati ya ndege ile na nchi kavu, inastahili kuelezwa, maana msomaji aweza kuidhania kuwa ni jambo la kiofisi tu. Chombo kinachomwonyesha rubani kimo chake, kile cha namna ya kawaida, hakipimi umbali kutoka ardhini; kinapima uzito wa hewa, na hewa hupungua uzito kwa kadiri mtu anavyopanda. Lakini hewa hubadilika pia kwa mvua na kwa jua, kwa hiyo kabla ya kutua rubani sharti aambiwe hesabu ya hapo na ya saa hiyo, akitie chombo chake. Akikitia hesabu nyingine, sindano itamwambia kwa utulivu kabisa kwamba yuko juu, ilhali miti imekwisha kumkaribia. Fikiri hapa kwetu: uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya bahari, na uwanja wa Kavumu, ulio karibu na Bukavu, uko mita 1,700 na zaidi, na kati yao kuna vilele vinavyozidi vyote viwili. Katika nchi ya namna hii, tarakimu moja iliyosikika vibaya yatosha kuwa mlima.

Ama utaratibu wenyewe ni huu. Ndege iliyoko mbali husemezana na kituo kikubwa, ambacho huikabidhi kwa mwongozaji wa wakaribiao, naye huishusha daraja baada ya daraja, akiipa kimo na upande wa kuelekea, mpaka anapoikabidhi kwa mnara, ambao ndio unaoiona njia ya kutulia kwa macho na ndio pekee wenye mamlaka ya kusema kwamba njia iko wazi, tua. Kila makabidhiano huwa na masafa yake ya redio, na kila amri ya kimo, ya upande, ya njia na ya mgandamizo, rubani ana wajibu wa kuirudia kwa tarakimu zake. Mpaka hapo watu wengi wanafahamu. Lisilofahamika sana ni kwamba wajibu haukuishia hapo: mwongozaji naye sharti ausikilize ule urudiaji, asiuache upite masikioni kama mtu anayengoja mwenzake amalize salamu, maana kurudia kusikosikilizwa ni sawa na kufuli iliyofungwa na ufunguo wake ukaachwa mlangoni.

Mfano wa karibu nasi ulitokea Nairobi. Mwezi wa Septemba 1974 ndege kubwa ya British Airways, Boeing 747, ilikuwa ikiukaribia uwanja wa Embakasi, ikapewa idhini ya kushuka mpaka futi 7,500. Katika redio hesabu hiyo ilisomwa tarakimu moja moja, saba, tano, sifuri, sifuri; na katika chumba cha marubani kilichosikika ni tano, sifuri, sifuri, sifuri. Sasa uwanja wa Nairobi wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari. Yaani watu wenye elimu na uzoefu, wakiwa na ramani mbele yao, walijipangia kushuka mpaka kimo kilichokuwa chini ya ardhi ya mahali waendapo, na kosa hilo halikunaswa na yeyote wa juu wala wa chini hata ndege ilipojitokeza chini ya wingu na ardhi ikaonekana papo hapo. Ikainuliwa ikiwa imebakiza futi zipatazo 70 tu, kimo cha mnazi mrefu. Hakufa mtu, na kwa sababu hakufa mtu, ni Wakenya wachache mno waliopata kukisikia kisa hiki, ijapokuwa mimi nakiona kina mafunzo kuliko ajali nyingi zilizojaza magazeti.

Kwa nini hawakustuka? Nimelifikiri swali hili mara nyingi, na jibu langu ni kwamba sikio la mwanadamu halipokei maneno kama mtungi upokeavyo maji. Husikia nusu, na nusu iliyosalia hujitungia kwa mujibu wa lile lililotazamiwa. Watu wa kale walilijua hili bila ya redio. Katika nchi ya Walokele, karibu na Kisangani, mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeandika kitabu chake juu ya ngoma zisemazo mwaka 1949, aliona kwamba mpiga ngoma halipigi neno fupi peke yake, kwa sababu ngoma ina milio miwili tu, wa juu na wa chini, na maneno mengi mafupi hulingana milio. Kwa hiyo palipo na neno mwezi, yeye hupiga ibara nzima ya mwezi uitazamao dunia, ili anayesikiliza kijiji cha mbali, hata kama upepo umemnyang'anya kipande, asiukose mwezi. Mashirika ya ndege ya ulimwengu yalifikia hekima hiyo hiyo kwa njia yao: tangu tarehe 1 Machi 1956, herufi hazitajwi kwa sauti zake fupi bali kwa majina marefu, Alfa, Bravo na wenziwe, na tisa ya Kiingereza hutamkwa "naina" ili isishabihiane na tano.

Na kama ni desturi ya kuitika neno kwa neno, sisi wa nchi za Waswahili hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta. Mnara ni jina la jengo la kuongozea ndege, na ni jina la jengo la msikitini vilevile. Mwadhini anapoadhini, yule asikiaye hufundishwa ayarudie maneno yake, ibara kwa ibara, isipokuwa pale anapoita watu waje katika sala na waje katika ufanisi, ambapo msikilizaji hujibu kwa maneno mengine ya kukiri kwamba hapana hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Mahali hapo pa kubadilisha jibu ndipo panapodhihirisha kwamba kurudia huku si kwa kasuku: anayerudia sharti awe anasikiliza, ajue yuko wapi katika adhana. Nilipomweleza jambo hili rafiki yangu mmoja mwenye kazi ya redio alicheka sana, akasema kwamba angependa kuwafundisha vijana wake kwa mfano huo, ila wengi wao ni Wakatoliki.

Lugha inayotumika katika minara ya Tanzania, Kenya na Uganda ni Kiingereza, na katika minara ya Kongo, iliyo chini ya shirika la Régie des Voies Aériennes lililoundwa mwaka 1972, husikika Kifaransa na Kiingereza, kwa kuwa kanuni ya kimataifa huruhusu lugha ya kituo cha chini au Kiingereza. Kiswahili hakimo. Wako wazalendo wanaosikitika kwa hilo, nami zamani nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipojaribu, kwa mchezo tu, kuyatia mazungumzo ya kutua katika Kiswahili chetu cha kila siku, nikaona miiba iliyomo. Chukua neno sawa. Mwambie mtu wa Fizi, au wa Tanga, au wa Lamu, "Kesho uje saa tatu," naye akujibu, "Sawa"; je, amekusikia, au amekubali, au atakuja, au anataka tu uondoke? Huenda ni yote manne, na huenda ni la mwisho peke yake. Lugha ya redio imeyatenga mambo haya kwa ukali: iko kauli isemayo nimeyapokea maneno yako, na hiyo haina maana ya ndiyo, iko nyingine isemayo nitatenda, iko ya kukiri, na iko ya kungoja, ambayo si rukhsa hata kidogo, ijapokuwa mwenye haraka hupenda kuidhania kuwa ni rukhsa.

Au chukua ndiyo yenyewe. Muulize rubani Mswahili, "Hujauona uwanja?" Akikujibu, "Ndiyo," amekusudia kwamba umesema kweli, hajauona, ilhali Mwingereza angekujibu kinyume chake kwa maana ile ile. Na sita na tisa, ambazo tumezipata kwa Waarabu pamoja na saba, ni konsonanti mbili zilizobadilishana mahali tu, kichwa kikawa mkia. Wapitishe watu hawa wawili katika redio yenye mkwaruzo, mvua ikinyesha, uone kama hawatabadilishana nguo. Sitaki kudhaniwa kuwa nakidharau Kiswahili. Kiingereza nacho kilikuwa na miiba ya namna hii, ikang'olewa mmoja mmoja, na mara nyingi kila mwiba uling'olewa baada ya mazishi.

Mwaka ule ule wa kisa cha Nairobi, tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya TWA iliyokuwa ikielekea Washington iliambiwa kwamba ina idhini ya kuukaribia uwanja. Marubani wakafahamu kwamba idhini hiyo ni ya kushuka moja kwa moja mpaka futi 1,800, mwongozaji akafahamu kwamba kuchunga kimo cha milima kulikuwa juu yao, na katikati ya fahamu hizo mbili ulikuwapo Mlima Weather wa Virginia, wakafa watu wote 92. Na tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca kutoka Colombia, iliyowekwa ikizunguka muda mrefu kwa sababu ya hali mbaya ya hewa ya New York, iliishiwa mafuta ikaanguka Long Island, wakafa 73. Marubani walisema mafuta yanapungua, waliomba watangulizwe, lakini lile neno la dharura, ambalo likitamkwa kila kitu hupisha, halikutoka vinywani mwao. Wengine wamesema ni upungufu wa Kiingereza. Mimi naona ni adabu pia: mtu anayesema lugha ya wenyewe, katika nchi ya wenyewe, huona haya kupiga kelele, akaomba kwa upole jambo ambalo alistahili kulidai. Kanuni ya kuwapima marubani na waongozaji ufasaha wa Kiingereza chao ilianza kutumika Machi 2008. Hiyo haya sijui kama imepimwa.

Kongo ni nchi ambayo anga lake ni kubwa kuliko sauti za minara yake. Ndiyo maana marubani wanaolikata anga hilo wana desturi, iliyowekwa na chama cha mashirika ya ndege kwa sehemu kubwa ya Afrika, ya kutangaza wenyewe kwa wenyewe katika masafa ya 126.9: mimi ni fulani, niko mahali fulani, kimo changu ni hiki, naelekea kule, na kila asikiaye hujipima naye, kama wafanyavyo wapagazi wa njia nyembamba ya mlimani wanaopiga ukelele kabla ya kona. Minara nayo haiwezi kusema zaidi ya ilivyopewa kuona. Tarehe 4 Aprili 2011 ndege ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Kisangani ilifika Kinshasa wakati mmoja na dhoruba. Ilikuwa imekaribia kabisa kutua ilipoacha na kutaka kupanda tena, upepo wa kushuka ukaibamiza chini, na katika watu 33 alinusurika mmoja. Na tangu mapema mwaka 2025, vita vilipofika Goma na kisha Kavumu, safari za kawaida katika viwanja hivyo viwili zilikoma, na abiria wa Kivu wakarudi katika barabara na maboti, ambako mazungumzo ni ya namna nyingine.

Lakini nilianza na Kilembwe, nami nataka kurudi huku, katika nchi ya viwanja vya udongo na majani, kama kile cha Minembwe huko nyanda za juu, ambavyo havina mnara wala vioo. Ndege ndogo ikija mahali pa namna hiyo haipewi idhini na mtu, kwa sababu hakuna mwenye mamlaka ya kuitoa. Rubani hutangaza nia yake hewani kwa yeyote atakayekuwa akisikiliza, kisha aghalabu hupita mara moja juu ya uwanja, chini chini, atazame kama kuna ng'ombe, kama kuna madimbwi, na upepo unaelekea wapi. Na kabla ya hayo yote, tangu alfajiri, huwa amekwisha ulizia habari kwa foni. Hilo ndilo jina letu la ile redio ya mawasiliano ya mbali, iliyokaa juu ya meza ya misheni au ya kituo cha afya, pamoja na betri ya gari na waya uliofungwa juu ya mti, ambayo mpaka simu za mkononi zilipofika ilikuwa ndiyo sikio la pekee la vijiji hivi, na mahali pengi bado ndiyo.

Mtu wa foni hana cheo katika vitabu vya usafiri wa anga. Aghalabu ni muuguzi, au mwalimu, au kijana aliyefundishwa na padri. Hata hivyo, aulizwapo, "Mawingu yakoje upande wa mlima?" jibu lake ndilo litakaloamua kama mtu atapanda ndege au atalala. Nimeketi na mmoja wao asubuhi moja, na kilichonistaajabisha ni kwamba hakukubali kusema neno zuri. Aliyekuwa upande wa pili alimwuliza kama hali ya hewa ni nzuri. Hakujibu ndiyo, wala sawa. Alitoka nje, akasimama kitambo akitazama, akarudi akasema, "Naona mti mkubwa wa mwisho wa uwanja. Naona nyumba za ng'ambo. Mlima siuoni, naona miguu yake." Sauti ikarudia: mti anauona, nyumba anaziona, mlima hauoni ila miguu. Akaitika, "Ndivyo ulivyosikia." Nikamwuliza, "Mwalimu, mbona hukumwambia tu kwamba ni vibaya?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akasema, "Vibaya kwa nani, ndugu yangu? Mimi siendeshi. Mimi namwazima macho."

Baadaye mlima ulijifunua mpaka kiunoni, akatoka tena, akatoa habari tena, ikarudiwa tena. Na watoto wakatumwa kuwafukuza mbuzi. Ndege ilipita mara moja, ikazunguka, ikatua na kupiga vumbi, ikashusha masanduku ya dawa na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Rubani akateremka, akafungua daftari lake akaandika wakati wa kutua kwa saa za Greenwich, nane na dakika kumi. Yule mwalimu wa foni, kule ndani, alikuwa naye amefungua daftari la shule lenye mistari, akaandika saa nne na dakika kumi, kisha akarudi kwenye chombo kuwaarifu waliokuwa wakingoja upande wa pili kwamba ndege imefika, akangoja mpaka wakamrudia maneno hayo, ndipo akazima betri.